Je, tangi la ndege linaweza kulipuka kama lile pipa la gereji?

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Mtwara mjini. Mwezi uliopita mwenzangu alikuwa anakata pipa la petroli kwa gesi ili atengeneze jiko la kuchomea nyama. Pipa lilikuwa tupu, tulilimwaga likakaa juani siku mbili bila kizibo. Alipolisogezea moto tu likapasuka, mfuniko ukaruka hadi barabarani, mwenzangu akaungua mikono na uso. Sasa natakiwa kumpeleka mke wangu Muhimbili kwa ndege, maana basi hataliweza. Nimesoma kwamba kuna ndege ya Marekani ililipuka angani tangi lake likiwa tupu. Kwa joto letu hili, ndege ikikaa pale uwanjani juani, si ni pipa lile lile? Kwa nini wasijaze matangi yote ili isibaki nafasi? Tena nimewahi kuona wanajaza mafuta abiria wakiwa ndani, na watu wanaongea na simu. Na hiyo naitrojeni inayosemwa inaingizwa kwenye matangi, ndege za kwetu zinayo au ni za Wazungu tu? Usinifiche."*

Marahaba, fundi. Pole kwa yaliyompata mwenzako, na pole kwa ugonjwa wa shemeji.

Sitakuficha. Tangi la ndege ya abiria linaweza kulipuka, na limewahi kulipuka zaidi ya mara moja. Mimi ni fundi wa ndege, na sehemu ya kazi yangu imekuwa ndani ya matangi hayo hayo, nimelala chali kwenye nafasi isiyonitosha kugeuka, nimevaa ovaroli ya pamba na barakoa ya hewa, mwenzangu amekaa nje mlangoni akinihesabia dakika. Hatuingii mpaka mafuta yamenyonywa, hewa imepulizwa kwa saa kadhaa, na kipimo cha mvuke kimesoma kiwango kinachoruhusiwa. Simu inabaki nje, na tochi ni ile maalumu isiyotoa cheche. Kwa hiyo hofu yako siioni kuwa ya kijinga. Ila umeunganisha vitu viwili vinavyofanana nusu, na nusu nyingine ndiyo itakayokupandisha ndege.

Tuanze na pipa, kwa sababu hilo ndilo litakalokuua wewe kabla ya ndege.

Mafuta yakiwa majimaji hayalipuki. Kinacholipuka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa, tena kwa kipimo chake. Kwa petroli, mvuke ukiwa chini ya asilimia 1.4 hivi ya hewa yote iliyomo, hauwaki. Ukipita asilimia 7 na ushee, hauwaki pia, kwa sababu umeisonga oksijeni. Katikati ya hapo ndipo balaa lilipo. Sasa angalia: pipa lenye petroli nusu, limezibwa, limekaa juani, lina mvuke mwingi kupita kipimo. Mlipolimwaga na kuliacha wazi mliingiza hewa. Mvuke ukapungua, ukashuka taratibu mpaka ukaingia kwenye kile kipimo cha kuwaka. Mlidhani mnaliondolea hatari, kumbe mlikuwa mnaliandaa.

Na halihitaji mafuta mengi. Nimekupigia hesabu ya pipa la lita 200: petroli ya vijiko viwili vya chakula, ikigeuka mvuke yote, inatosha kulifikisha mahali pa kulipuka. Kiasi hicho kinakaa kwenye ule mshono wa chini wa pipa na kwenye kutu ya ndani bila wewe kukiona. Tena mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo unatulia chini ya pipa wakati tundu liko juu. Siku mbili za jua hazikuwa na pa kuutolea.

Mafundi wengi wananiambia, "Mimi nakata mapipa ya dizeli tu, dizeli haina shida." Dizeli haishiki ukiirushia kiberiti, ni kweli. Lakini moto wako wa gesi unapopasha bati, ule utando wa dizeli uliogandia upande wa pili unachemka na kutoa mvuke palepale, ndani ya chombo kilichofungwa, karibu na mwali. Mapipa ya dizeli, ya oili chafu na hata ya mafuta ya kula yameua mafundi kwa njia hiyo. Wengine huingiza moshi wa ekzosi ya gari ndani ya pipa wakiamini unafukuza oksijeni. Usiutegemee, hasa wa injini ya dizeli, maana bado umebeba oksijeni ya kutosha.

Ushauri wangu ni kwamba usilikate kwa moto pipa lililobeba mafuta. Kama ni lazima likatwe, lioshwe kwa maji ya moto na sabuni zaidi ya mara moja, lijazwe maji mpaka karibu na pale unapokata, tundu likiwa wazi, na likatwe kwa patasi au msumeno wa mkono. Hata hivyo sipendi kumfundisha mtu kazi hii kwa maandishi. Nenda ofisi ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hapo mkoani, waombe wakuonyeshe kwa vitendo, wewe na vijana wa gereji. Mkipata ajali nyingine namba yao ni 114. Na mwenzako asiache kliniki pale Hospitali ya Ligula hata kama ngozi imefunga. Mkono ulioungua ukiachwa bila mazoezi, vidole hukaza vikabaki vimejikunja, na mkono uliojikunja haushiki tena koleo.

Sasa ndege.

Ndege za abiria utakazokuta kwenye safari yenu, za jeti na za pangaboi, hazitumii petroli. Zinatumia mafuta yanayoitwa Jet A-1, ambayo ni ndugu wa karibu wa mafuta ya taa. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Jet A-1 kwa kanuni hairuhusiwi kutoa mvuke wa kutosha kuwaka kabla ya kufika angalau nyuzi 38. Mtwara yetu, hata Desemba kabla mvua haijakolea, hewa inacheza kwenye nyuzi 30 na kitu. Mafuta ya tani kadhaa ndani ya bawa hayapandi joto haraka kama bati lako, na ndege ikiruka, hewa ya juu inayapoza. Hapo ndipo mfano wako wa pipa unapopungukiwa.

Lakini nyuzi 38 zenyewe ni hesabu ya usawa wa bahari. Kadiri ndege inavyopanda, mgandamizo wa hewa unapungua, na mafuta yale yale yanatoa mvuke wa kuwaka kwenye joto dogo zaidi. Ukichukua tangi lililopashwa moto chini kisha ukalipandisha juu kabla halijapoa, umelisogeza kwenye hatari kwa njia mbili kwa mpigo.

Ndivyo ilivyokuwa kwa ile ndege uliyoisoma. Ilikuwa safari ya TWA 800, Boeing 747, kutoka New York kwenda Paris, usiku wa tarehe 17 Julai 1996. Ilikuwa imekaa uwanjani kwa saa kadhaa, jioni ya kiangazi, viyoyozi vikiunguruma. Katika ndege ya aina ile mitambo ya viyoyozi imefungwa chini kabisa ya tangi la katikati, lile lililopo tumboni kati ya mabawa mawili, na mitambo hiyo hutoa joto kali. Tangi hilo linabeba karibu lita 49,000. Usiku ule lilikuwa na kama lita 190 tu, kwa sababu mafuta ya kwenye mabawa yalitosha kufika Paris. Utando mwembamba wa mafuta ukawa umetandazwa juu ya sakafu ya moto, na juu yake kuna nafasi tupu kama ukumbi. Dakika kumi na mbili baada ya kuruka, ikiwa mita kama 4,200 juu ya bahari, tangi lililipuka. Watu wote 230 walikufa.

Mwanzoni wengi walisema ni bomu au kombora. Mabaki yalivuliwa kutoka Atlantiki, yakaunganishwa upya kipande kwa kipande ndani ya jengo, na ilichukua miaka minne, hadi mwaka 2000, bodi ya Marekani ya uchunguzi wa ajali kutoa hukumu yake: mvuke ndani ya tangi la katikati ulishika moto. Cheche yenyewe ilitoka wapi, hawakuweza kuthibitisha kwa uhakika. Walichokiona kuwa na uwezekano mkubwa kuliko vyote ni shoti iliyotokea nje ya tangi, ikapitisha umeme mkubwa kwenye waya za geji ya mafuta.

Nikae hapo kidogo, maana wewe ni fundi na utanielewa. Ndani ya tangi la ndege kuna vipimo vya mafuta, kila kimoja ni mabomba mawili membamba ya aluminiamu, moja ndani ya jingine, yamesimama wima. Mafuta yakipanda kati yake, umeme unasomeka tofauti, na rubani anajua kiasi. Umeme wa geji ni mdogo sana, umewekwa mdogo makusudi. Tatizo ni kwamba waya zake zikishatoka tangini zinafungwa fungu moja na waya nyingine ndefu zinazopita chini ya sakafu, zikiwemo zenye volti 115 na zaidi. Ndege ile ilikuwa na miaka 25. Ganda la waya za umri huo linapasuka, linasuguana na vyuma, vipande vya chuma vya matengenezo ya zamani vinabaki vimelala juu ya fungu. Waya mbili zikigusana hapo, umeme mkubwa unapanda kwenye ya geji na kuingia mahali ambapo haukutakiwa kufika kamwe. Na mle ndani, kwenye ncha za vipimo, wachunguzi walikuta utando wa salfa na fedha uliojijenga kwa miaka, ambao unaweza kuruhusu cheche. Mvuke wa mafuta unahitaji cheche ya nguvu ndogo ajabu, kama 0.2 ya milijouli, yaani ndogo kuliko ile inayokushtua kidole ukigusa mlango wa gari siku kavu.

Joto la kwetu nalo lina kesi zake, kwa hiyo nisikudanganye kwamba haya ni mambo ya Atlantiki tu. Tarehe 11 Mei 1990, Manila, Boeing 737 ambayo haikuwa imemaliza hata mwaka tangu itoke kiwandani ililipuka tangi la katikati ikiwa inasukumwa nyuma itoke kwenye maegesho. Watu wanane walikufa. Tarehe 3 Machi 2001, Bangkok, 737 nyingine ililipuka ikiwa imeegeshwa, abiria hawajapanda, na mhudumu mmoja akafa. Angalia vinavyofanana: nchi ya joto, ndege iko chini, viyoyozi vinafanya kazi, tangi la katikati lina mafuta kidogo. Kwenye ile ya Bangkok pampu za tangi hilo zilikuwa zinazunguka wakati tangi limekaribia kukauka. Pampu hizo hupozwa na mafuta yenyewe, zikizungushwa kavu zinapata moto. Siku hizi rubani ana maelekezo ya kuzizima kabla tangi halijafika huko, na pampu mpya hujizima zenyewe.

Kwa hiyo jua peke yake silo lililolipua ndege hizi. Yalihitajika matatu: tangi lililopashwa kutoka chini, mafuta kidogo, na kasoro ya umeme au pampu.

Kwa miaka mingi watengenezaji wa ndege walikuwa na msimamo mmoja: chukulia kwamba mvuke wa kuwaka upo tangini muda wote, kisha hakikisha hakuna cheche. Msimamo huo unaonekana wa kiungwana kwenye karatasi. Mimi sijawahi kuupenda, kwa sababu unadai fundi, kiwanda, waya na wakati visikosee kwa miaka thelathini. Baada ya 1996 Wamarekani waliukubali udhaifu wake. Mwaka 2001 walitoa kanuni iliyowalazimisha watengenezaji kupitia upya kila waya, pampu na kifungo kinachogusa matangi. Julai 2008 wakaongeza kubwa zaidi: ndege kubwa za abiria zenye matangi yanayopata joto lazima zipunguziwe uwezekano wa mvuke kuwaka, mpya na hata za zamani zinazoendelea kutumika.

Na hapo ndipo naitrojeni inapoingia. Watu wanadhani ndege inabeba mitungi. Haibebi. Hewa ya moto hunyonywa kutoka kwenye injini, ikapozwa na kuchujwa, kisha ikapitishwa kwenye fungu la nyuzi nyembamba zenye uwazi ndani, maelfu kwa maelfu. Oksijeni hupenya kwenye kuta za nyuzi hizo na kutupwa nje ya ndege. Inayotoka upande wa pili ni hewa yenye naitrojeni nyingi, nayo ndiyo inayosukumwa tangini. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21. Ikishushwa hadi 12 au chini yake, mvuke wa Jet A-1 kwenye miinuko ya chini hauwezi kulipuka hata cheche ikipatikana. Vijana waliofanya kazi kwenye mabomba ya gesi kule Madimba na Songo Songo hawatashangaa, kwani kupuliza naitrojeni kabla ya kufungua bomba ni kazi wanayoijua.

Mfumo huu nao una kasoro zake. Ukiharibika, ndege inaruhusiwa kuendelea kuruka kwa muda, kwa kawaida siku kumi, kabla haujatengenezwa. Wapo wanaolalamika, mimi naona ni sawa, kwa sababu ule ulinzi wa zamani wa kuzuia cheche haukuondolewa, uko palepale chini yake. Hatari ninayoiogopa zaidi ni ya kwetu sisi mafundi: naitrojeni iliyomo tangini haina harufu wala rangi, ukiingia bila kupima unaanguka kabla hujajua umekosa hewa.

Ndege za kwetu je? Njia ya Mtwara na Dar kwa muda mrefu imehudumiwa na ndege za pangaboi, ATR na zile Bombardier Q400, na siku nyingine jeti ya Airbus A220. Pangaboi hizo hazina tangi tumboni. Mafuta yote yamo ndani ya mabawa, juu ya madirisha yenu, na mitambo ya viyoyozi haikukaa chini yake kuyapasha. Bawa la aluminiamu lisilo na kitu cha kulichemsha, likipigwa na upepo pande zote, ndilo kipimo ambacho hata kanuni ya Marekani inakitumia kusema "tangi lenu liwe angalau salama kama hili." Kwa hiyo ukikuta ndege yako haina mfumo wa naitrojeni, usidhani umepewa ya daraja la chini kwa sababu uko kusini. Umbo lake limeshaondoa kile kilichokuwa kinatibiwa. A220 ilianza kubeba abiria baada ya kanuni hizo, na mfumo huo inao.

Kuhusu kujaza matangi yote, wazo lako si baya, na baada ya 1996 bodi ile ya uchunguzi ilipendekeza kitu kinachokaribiana nalo: kusiachwe mafuta kidogo mno kwenye tangi la katikati, maana mafuta mengi huchelewa kupata joto. Lakini kama dawa ya kudumu linashindwa. Safari ya saa moja kwenda Dar ikibeba mafuta ya saa nne inapoteza nafasi ya abiria na mizigo, inachoma zaidi kwa kuubeba uzito huo, na inaweza kufika nzito kuliko inavyoruhusiwa kutua. Na tangi lililojaa wakati wa kuruka litakuwa na nafasi tupu njiani, hilo huwezi kulikwepa.

Kujaza mafuta abiria wakiwa ndani kunaruhusiwa kwa Jet A-1, kwa masharti. Milango na ngazi viwe wazi kutumika, wahudumu wawe kwenye nafasi zao, kuwe na mawasiliano kati ya walio chini na rubani, na mikanda isifungwe. Ukisikia mhudumu anasema "tafadhali msifunge mikanda kwa sasa", ndiyo sababu, ili mkihitaji kutoka mtoke. Ukiangalia dirishani utaona kwamba kabla mjazaji hajaunganisha bomba, kwanza anabana waya kutoka kwenye gari hadi kwenye chuma cha ndege. Mafuta yanapopita kwa kasi kwenye chujio hujikusanyia umeme, na waya ule unahakikisha gari na ndege haviwi na tofauti ya umeme inayoweza kuruka cheche. Waya huo huondolewa mwisho, baada ya bomba. Ndani ya mafuta yenyewe kuna dawa kidogo ya kuyafanya yapitishe umeme huo haraka yasiuhifadhi. Mjazaji asiyebana waya ni wa kusemwa, kama ambavyo wewe ungemsema kijana anayechomelea bila miwani.

Simu: tii ukiambiwa uzime, hasa ukitembea uwanjani karibu na gari la mafuta. Lakini katika milipuko niliyokutajia hakuna hata mmoja uliohusishwa na simu ya abiria, kwa hiyo jirani yako akichelewa kuzima usitokwe jasho.

Hukuuliza radi, ila msimu wa mvua ukianza utaniuliza. Desemba 1963 radi ililipua tangi la bawa la Boeing 707 huko Maryland, Marekani, watu 81 wakafa. Kutokana na ajali hiyo na nyingine, matundu ya kupumulia matangi, unene wa bati na viungo vyake vilibadilishwa. Ndege ya abiria kwa wastani hupigwa na radi kama mara moja kwa mwaka, na abiria wengi huona mwanga tu na kusikia mshindo.

Kabla ya safari, mwambie daktari wa shemeji kwamba mnakwenda kwa ndege, aandike kama anaruhusiwa, na kama anahitaji oksijeni au kiti cha magurudumu mliarifu shirika mapema, si asubuhi ya safari. Na wewe mwenyewe, kama lile pipa bado linakurudia usiku, ukishtuka kila unaposikia mlio, waone wahudumu wa afya uongee nao. Uliona mtu akiungua mbele yako, na maelezo ya mafuta hayaponyi hilo.

Siku ya safari, moshi mweupe unaotoka kwenye matundu ya kiyoyozi ndani ya kabini ni unyevu wa hewa yetu ya pwani uliokutana na ubaridi, usiogope. Matone machache kwenye ncha ya bawa la ndege iliyojazwa na kukaa juani yanaweza kuwa mafuta yaliyotanuka yakatokea kwenye tundu la kupumulia, ila si kazi yako kuamua. Ukiona yanachuruzika, au ukisikia harufu kali ya mafuta ya taa ndani na haipotei, mwite mhudumu mlango haujafungwa, mwonyeshe kwa kidole ni bawa gani na sehemu gani, maana fundi atakayekuja chini atataka kujua aanzie wapi.